UZI: Unaenda kuchomwa nusu kaputi? Haya ndiyo tunayotaka utuambie kabla hujapanda kitanda

MtuWaUsingizi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Ukilazwa kwenye kitanda cha thieta, mimi ndiye ninayekaa upande wa kichwa chako. Operesheni ikienda vizuri ndugu wanamshukuru daktari wa upasuaji, mimi hata sura hawanijui, na sina kinyongo. Ila mtu akifia thieta, hapo ndipo fani yangu inakumbukwa: "Walimzidishia dozi ya usingizi."

Kuzidisha dozi kupo, sitetei mtu. Lakini matatizo mengi ninayoyaona yanaanza usiku wa kuamkia operesheni, mgonjwa akiwa wodini au nyumbani kwake, na mara nyingi yanaanza na jambo ambalo yeye alilijua na sisi hatukulijua. Uzi huu ni wa hayo mambo.

Nianze na tumbo, maana ndipo watu wanapotudanganya zaidi.

Ukiwa macho, tonge likipotea njia unapaliwa, unakohoa, basi. Dawa ya usingizi inazima hicho kikohozi. Inalegeza pia ule msuli wa juu ya tumbo unaozuia chakula kurudi kooni. Chakula kikipanda wakati umelala, hakuna wa kukirudisha. Kinaingia mapafuni pamoja na tindikali ya tumbo. Dk. Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za wajawazito waliopatwa na hali hii mwaka 1946, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo ukiambiwa usile, hatukukomoi. Tuseme operesheni yako ni saa mbili asubuhi. Pilau, chipsi, nyama, chochote chenye mafuta: mwisho saa sita usiku, yaani saa nane kabla. Mkate mkavu au kitu chepesi: saa sita kabla. Maziwa ya ng'ombe na ya kopo yahesabu kama chakula, saa sita kabla. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga: saa nne kabla. Maji matupu au chai ya rangi: mpaka saa mbili kabla, yaani saa kumi na mbili asubuhi bado unaruhusiwa kunywa maji.

Hapo kwenye maji najua wengi mtashangaa, kwa sababu wodini mnaambiwa "usile wala usinywe chochote kuanzia jioni". Hiyo amri ni ya zamani, na inaendelea kwa sababu ni rahisi kuitoa. Mtu anafungiwa hata maji tangu saa kumi na mbili jioni, kesho yake ratiba inasogea, anaingia thieta saa nane mchana akiwa mkavu kama samaki wa chumvi, mishipa haionekani, presha inaporomoka tukimpa dawa tu. Muulize muuguzi wako: mwisho wa chakula saa ngapi, mwisho wa maji saa ngapi. Ni maswali mawili tofauti. Fuata jibu la hospitali yako, kwa sababu kuna watu tumbo lao halishuki haraka: mjamzito mwenye uchungu, mwenye kisukari cha miaka mingi, mwenye maumivu makali, mwenye kiungulia cha kila siku, na anayechoma zile sindano za kupunguza mwili za kundi la semaglutide. Hao lazima tuwajue mapema.

Na jamani, UJI NI CHAKULA. Mtoto hawezi kuvumilia njaa, naelewa, mimi pia nina watoto. Ukishampa, niambie. Tutaahirisha au tutasogeza muda, hakuna atakayekufokea, na akikufokea mtu ni shida yake. Kibaya ni kunijibu "hajala kitu" huku ndevu za uji ziko mdomoni.

Naitwa wodini, narudi na habari za dawa.

---

Ngosha Original

Nipo mstari wa mbele mkuu. Shusha nondo.

---

Mama Kulwa

Ahsante sana mtaalamu. Mimi nilinyimwa maji tangu jana yake, nikaingia saa tisa alasiri. Nilikuwa naota mito tu.

---

Kipara wa Tegeta

Swali. Aliyepata ajali ya bodaboda ametoka kula kitimoto, anapelekwa thieta palepale. Mbona hamsubiri saa nane?

---

MtuWaUsingizi

Kipara, swali zuri. Kusubiri kukiwa na hatari kuliko chakula, hatusubiri. Anayevuja damu tunamhesabu ana tumbo lililojaa hata akiapa hajala tangu jana, maana ajali na maumivu yanasimamisha tumbo. Anavuta oksijeni vizuri kwanza, kisha dawa zinaingia kwa kasi, mrija unawekwa kwenye koo la hewa mara moja na kufungwa kwa puto dogo ili kisishuke kitu. Mashine ya kufyonza matapishi iko wazi pembeni, mkono mmoja mbali. Inawezekana, ila ni kazi yenye jasho. Hatutaki kumfanyia hivyo mtu wa ngiri aliyekuwa na wiki nzima ya kujiandaa.

Sasa dawa.

Wenye presha: kosa namba moja ni kuacha vidonge vyote kwa sababu "nimeambiwa nisiweke kitu mdomoni". Amlodipine, atenolol na wenzake, kwa kawaida unameza asubuhi hiyohiyo na funda moja la maji. Kuacha atenolol ghafla ni hatari kuliko kuimeza. Ila kuna kundi la losartan, enalapril na captopril. Hizi wengi wetu tunaomba uzipumzishe siku ya operesheni, kwa sababu zikikutana na dawa ya usingizi presha inashuka na kugoma kupanda. Njoo na vidonge vyenyewe kwenye mfuko. Usiniambie "ni vyeupe vidogo", vyeupe vidogo viko mia.

Wenye kisukari: metformin asubuhi ya operesheni kwa kawaida unaiacha. Insulini usiache na usichome dozi yako nzima ukiwa na njaa. Upangiwe dozi na wanaokutibu. Dapagliflozin na empagliflozin zinasimamishwa siku tatu kabla, maana zinaweza kuleta tindikali kwenye damu hata sukari ikiwa inasoma vizuri. Na dai uwe wa kwanza kwenye ratiba. Ni haki yako, si upendeleo.

Dawa za kulainisha damu: warfarin kwa kawaida inasimama siku tano kabla, ila USIJISIMAMISHIE mwenyewe. Mwenye vali ya bandia kwenye moyo akiiacha kiholela, damu inaweza kuganda kwenye vali.

ARV: endelea kama kawaida. Hapa nizungumze polepole. Watu wanaficha kwa sababu swali linaulizwa mbele ya shemeji na mama mkwe. Una haki ya kusema "naomba tuongee pembeni". Sisi hatutafuti habari zako, tunatafuta dawa zitakazogombana na za kwetu.

Prednisolone kwa muda mrefu: sema. Mwili uliozoea hizo unashindwa kutengeneza homoni zake za aina hiyo wakati wa mshtuko wa operesheni.

Halafu kuna lile fungu la "sitaki mtu ajue". Bangi. Mirungi. Gongo kila siku. Unga. Vidonge vya nguvu za kiume. Dawa za asili za kuongeza uchungu alizoleta bibi kwenye chupa ya maji. Mnywaji wa kila siku akilazwa siku tatu bila pombe anaweza kuanza kutetemeka na kuweweseka, tukadhani ni ubongo. Aliyetafuna mirungi usiku kucha moyo wake uko mbio kabla sijamgusa. Aliye kwenye methadone, ile dawa wanayopewa wanaoacha unga, akikatishwa, anaamka na maumivu ambayo morphine ya kawaida haiyafikii. Hakuna hata moja kati ya haya linalonifanya nikukatae. Ninachohitaji ni kujua nianzie wapi.

---

mwanakwetu_254

Niko Nakuru. Mtaalamu, na sigara? Mzee wangu anafanyiwa tezi dume mwezi ujao, anasema akiacha sasa ndio atakohoa zaidi.

---

MtuWaUsingizi

Mwambie mzee shikamoo yangu. Mwezi mmoja ndio muda unaofaa hasa: anayeacha wiki nne au zaidi kabla ya operesheni anapunguza shida za mapafu na kidonda kupona vibaya. Akishindwa wiki nne, hata siku moja ina faida, kwa sababu ule moshi wa sumu unaokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu unapungua sana ndani ya saa 24. Kukohoa mwanzoni ni mapafu yanajisafisha. Asikitumie kama kisingizio.

---

Bint Pwani

Mimi wa Tanga. Nilikwenda kutolewa uvimbe wa kizazi wiki mbili baada ya harusi ya mdogo wangu, mikono yote hina na piko. Sista akanipigia kelele mpaka nikalia. Hina inahusiana nini na tumbo?

---

MtuWaUsingizi

Bint Pwani, pole. Kelele hazikuwa na kazi, maelezo ndiyo yalitakiwa.

Tunakuvalisha kidoleni kibanio chenye taa nyekundu. Kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma oksijeni iliyomo kwenye damu. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa cha kwanza, kabla hata ya kipimo cha presha. Tunataka kisome 94 kwenda juu, na kikianza kushuka kinabadilisha mlio, kwa hiyo hata nikiwa nimegeuka navuta dawa nasikia. Piko nyeusi, rangi nzito za kucha na kucha za kubandika vinaweza kuzuia ule mwanga. Hina nyekundu haina shida sana. Dawa yake ni rahisi: acha kidole kimoja au viwili bila kitu, au tukuweke kibanio kwenye kidole cha mguu au ndewe ya sikio. Hakuna haja ya kulizana.

Na usipake mkorogo wala poda usoni siku hiyo. Rangi ya midomo ni kipimo changu kingine.

Nywele za bandia zenye vibanio vya chuma vitoke, vinaweza kuunguza ngozi tukitumia kisu cha umeme. Meno ya bandia yatoke. Jino linalocheza, nionyeshe. Pete isiyotoka tunaizungushia plasta. Hirizi pia, mimi huwa naifunga plasta au naihamishia mkono mwingine, sigombani na mtu na hirizi yake dakika tano kabla ya kumlaza. Nikishamtia wasiwasi, dawa inahitajika nyingi zaidi.

Na kunyoa! Kuna wodi bado zinawapa wagonjwa wembe wajinyoe nyumbani jana yake. Wembe unachana ngozi vidonda visivyoonekana, wadudu wanazaliana humo usiku kucha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema usinyoe. Nywele zikizuia kazi, zipunguzwe kwa mashine. Wewe oga kwa sabuni, vaa nguo safi, njoo na vinyweleo vyako. Mwongozo huohuo unataka sindano ya kuzuia maambukizi itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa, na isiendelee siku nyingi baadaye kwa mazoea tu. Walipoutoa walieleza kwamba barani Afrika hadi wanawake 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji wanapata uambukizo wa kidonda. Nikimwona mama amerudi siku ya saba kidonda kinatoa usaha, naukumbuka huo wembe.

---

Fundi Rangi

Kuna kitu kinanikera. Nilivunjika mguu, kuanzia wodini mpaka thieta wameniuliza jina langu mara nne na mguu gani. Mguu umefungwa hogo jamani, hamuuoni?? Nikajua hapa nimeangukia kwa walevi.

---

MtuWaUsingizi

Hahaha. Fundi, wasingekuuliza ndipo ungeogopa.

Hiyo ni orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ilitoka 2008. Ina vipengele 19 na inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla ya mgonjwa kutoka. Jina, operesheni gani, upande upi, alama imewekwa, mzio, je njia ya hewa itasumbua, je anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500, mwishoni pamba na vifaa vinahesabiwa. Ilijaribiwa katika miji minane duniani, London na Seattle zikiwemo, na mmoja wapo ni Ifakara yetu, Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja tu, Fundi. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa mabilioni.

Kwa hiyo jibu, kila mara, jina lote. Na mkishindwa kuona alama kwenye mguu au upande wa mwili, ombeni iwekwe mkiwa macho. Ninachochukia mimi ni ile orodha inayojazwa tiki zote baada ya operesheni, watu wanakunywa chai. Hiyo haijamlinda mtu.

---

Mama Kulwa

Naomba ueleze sindano ya mgongo. Tangu nijifungue mapacha kwa kisu mgongo hauachi kuuma na kila mtu mtaani anasema ni ile sindano. Na nililazwa bila mto saa 24, na nisile mpaka nijambe. Samahani kwa lugha.

---

Chumvi ya Mawe

Mama Kulwa umesema ukweli, hiyo ya kujamba inadhalilisha. Daktari anapita na wanafunzi kumi, "mama, umejamba?" Wote kimya wanasubiri jibu.

---

MtuWaUsingizi

Mada tatu hizo, na zote zina watu wengi nyuma yake.

Mgongo. Uti wa mgongo kwa mtu mzima unaishia karibu na usawa wa juu ya kiuno. Sindano tunaichoma chini ya hapo, kwenye mfuko wa maji wenye nyuzi za neva zinazoelea, na ni nyembamba sana. Mahali pa sindano panaweza kuuma siku chache kama pigo. Lakini maumivu ya mwaka mzima, tafiti zilizolinganisha waliochomwa na wasiochomwa hazikuona tofauti. Mimba yenyewe inapinda mgongo na kulegeza viungo. Yako ilikuwa ya mapacha, dada yangu, na baada yake miezi ya kunyonyesha umejikunja na ndoo za maji. Nenda wakuangalie mgongo kama mgongo. Ukibaki kulaumu sindano, ugonjwa halisi hautafutwi.

Mto. Kichwa kuuma baada ya sindano ya mgongo ni kweli kupo: maji yanavuja kupitia tundu la sindano, kichwa kinagonga ukikaa na kinatulia ukilala. August Bier, Mjerumani aliyeanzisha njia hii mwaka 1898, alikubali msaidizi wake amchome yeye. Bomba halikuingiana na sindano, maji yakamwagika, akaumwa kichwa siku kadhaa. Tangu hapo watu wakalazwa chali bila mto. Ila kulala chali hakuzuii, kumepimwa. Kinachozuia ni sindano nyembamba, hasa zenye ncha kama penseli. Kichwa kikianza, rudi hospitali, kuna tiba. Na mama aliyejifungua akiumwa kichwa, tusikimbilie kusema "ni ganzi": apimwe presha kwanza. Kikija na homa, shingo kukakamaa, macho kuona giza au degedege, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kujamba. Utumbo haukuguswa kwenye upasuaji wa kawaida wa uzazi. Mama aliyechomwa sindano ya mgongo, hatapiki, anaweza kuanza kunywa na kula chakula chepesi ndani ya saa chache, na utumbo wake ndio utaamka mapema. Operesheni ya utumbo wenyewe ni habari nyingine, hapo msikilize daktari wako. Hili la kuwashindisha akina mama na njaa siku nzima ni mazoea, na nasema hivyo nikijua kuna wenzangu wanasoma hapa watanichukia.

---

Kipara wa Tegeta

Mkuu, ni kweli mtu akiwa anazinduka anatoa siri? Nina sababu ya kuuliza.

---

Ngosha Original

😂😂😂 Kipara ana michepuko, mwacheni.

---

MtuWaUsingizi

Kipara, watu wanaongea, hasa wakitoka kwenye ketamine. Wengine wanaimba kwaya, wengine wanamwita mama, mzee mmoja alikuwa anapanga bei ya ng'ombe. Mara nyingi ni ndoto, huwezi kuipeleka mahakamani. Ketamine ni dawa nzuri sana kwa mazingira yetu, ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1970, haizimi pumzi kirahisi kama nyingine na presha haiangushi. Shida yake ndiyo hizo ndoto. Chumba kikiwa kimya na mtu akiambiwa mapema awaze jambo zuri, zinapungua. Sasa wewe jipange utawaza nani.

---

mwanakwetu_254

Mzee amesoma hapa akasema hataki ile dawa nyeupe iliyomuua Michael Jackson.

---

MtuWaUsingizi

Propofol. Ni miongoni mwa dawa tunazotumia zaidi duniani. Jackson alifariki Juni 2009 akiwa nyumbani, amepewa ili apate usingizi wa usiku, bila vifaa vya kutosha vya kufuatilia pumzi na bila mtu aliyekaa naye muda wote. Daktari wake alipatikana na hatia mwaka 2011. Propofol inapunguza pumzi na presha, hilo linajulikana, ndiyo maana anayeitoa haondoki pembeni yako. Kwa hiyo mzee asiulize "dawa gani", aulize "nani atakaa na mimi, na atanipima na nini". Jibu litakiwalo: mtu aliyesomea usingizi, atakuwepo mwanzo hadi mwisho, kuna oksijeni, kuna mashine ya kufyonza, kuna kipima oksijeni na kipima presha. Akijibiwa "usijali mzee" peke yake, aulize tena.

Kwa tezi dume huenda hata asilale, wengi wanachomwa ya mgongo. Anaweza kusikiliza redio.

---

Fundi Rangi

Mimi nasema haya yote ni ya operesheni kubwa. Ya kung'oa kucha au tohara ganzi kidogo tu, dukani wanafanya.

---

MtuWaUsingizi

Fundi, mtu wa kwanza kuandikwa kuwa amefia kwenye klorofomu, dawa ya usingizi ya zamani, alikuwa Hannah Greener, binti wa miaka 15 karibu na Newcastle, Uingereza, Januari 1848. Alikwenda kutolewa ukucha wa mguu. Ilikuwa miezi michache tu tangu James Simpson aanze kuitumia klorofomu Edinburgh.

Ganzi ina kipimo chake kwa uzito wa mwili. Lidocaine isiyochanganywa na adrenalini, watu wa tahadhari hawapiti miligramu 3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 30, yaani mililita tatu tu za ile ya asilimia 1, au moja na nusu za ile ya asilimia 2. Mtu wa dukani anavuta bomba la mililita kumi "asisikie kabisa". Ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa: ganzi kuzunguka midomo, ladha ya chuma mdomoni, masikio yanavuma, anaropoka, halafu degedege, halafu moyo. Mtoto hawezi kukwambia masikio yanavuma. Unaona degedege tu. Na zile krimu za ganzi za kupaka kabla ya kutoa nywele mwilini, kupaka eneo kubwa na kufunika na nailoni kunaingiza dawa nyingi kwenye damu vilevile.

---

Chumvi ya Mawe

Kaka yangu alitoka thieta anaongea, tukashukuru Mungu. Siku ya tatu akafariki wodini. Mpaka leo familia inasema ni nusu kaputi iliyobaki mwilini.

---

MtuWaUsingizi

Chumvi, pole sana ndugu yangu. Sijui kilichompata kaka, siwezi kusema. Lakini dawa tunazotumia hazikai mwilini siku tatu halafu zikaua.

Nikuambie kinachojulikana. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa nchi nyingine, wenye maradhi machache, na bado walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Wengi wao hawakufia thieta. Walikufa siku zilizofuata, wodini: maambukizi, kuvuja damu, mapafu. Muuguzi mmoja usiku, wagonjwa arobaini, nani ataona kwamba kitanda cha 17 anapumua haraka?

Kwa hiyo ndugu, kama mmeruhusiwa kukaa, kaeni kwa kazi. Anapumua haraka kuliko kawaida, jasho la baridi, mkojo kwenye mfuko hauongezeki, bandeji inalowa, amechanganyikiwa wakati asubuhi alikuwa na akili zake, tumbo linavimba, homa. Mwite muuguzi. Hajaja, mfuate. Msiogope kuonekana wasumbufu.

---

Bint Pwani

Ya mwisho kutoka kwangu. Mwanangu wa kiume miaka minne ana sikoseli, keshokutwa anatolewa nyama za puani. Leo ameamka na mafua na kikohozi cha makohozi. Nimeshalipia nauli na mume wangu ameomba ruhusa kazini. Nifiche au niseme?

---

MtuWaUsingizi

Sema, tena leo, usisubiri keshokutwa. Piga simu wodini au nenda na mtoto.

Mtoto mwenye mafua mabichi koo lake linakuwa na hasira, tukiligusa linajifunga na hewa haipiti. Kwa mtoto wa kawaida mwenye makamasi mepesi tunaweza kupima faida na hasara tukaendelea. Kikohozi cha makohozi au homa, tunasogeza mbele, mara nyingi wiki mbili na zaidi. Na wako ana sikoseli, oksijeni ikishuka kidogo tu chembe zake zinajikunja na kuziba mishipa. Yeye anahitaji aje akiwa hana maambukizi, damu yake imepimwa siku za karibuni, asikae na kiu, tena asipigwe baridi la thieta. Ikifika siku yake, mwombe awe wa kwanza na umpe maji mpaka saa mbili kabla kama watakavyokupangia, na uje na blanketi.

Wakati huu mpe maji mengi, na homa ikipanda usisubiri miadi, mpeleke moja kwa moja. Nauli naijua inauma. Waambie wodini umetoka mbali, wakupangie tarehe nyingine kabla hujasafiri.

---

Bint Pwani

Nimepiga. Wamesema nimlete leo aangaliwe kifua, operesheni wameisogeza. Nipo stendi.